Pemba hakuna reli, sasa wewe wahangaika na ya nini?

Mama zangu, dada zangu, na nyinyi akina baba mnaosoma kwa kuibia kwenye simu za wake zenu. Wiki mbili nyuma tuliongea homa ya mtoto, wiki iliyopita tukaongea kunyonyesha ukisharudi kazini. Leo mnisamehe, sina habari ya dawa. Leo nataka tuzungumze gari ya moshi.

Najua mtacheka. Shoga yangu mmoja tunayefanya naye kazi aliniona wakati wa mapumziko nimevaa hedifoni, nasikiliza, nasimamisha, narudisha nyuma, naandika, nasikiliza tena. Akaniuliza: "Pemba hakuna reli, sasa wewe wahangaika na ya nini?" Suali zuri. Hili andiko ndio jawabu yake, na mwisho wake kuna kazi ya nyumbani kwa kila mwenye mzee ndani.

Kwanza historia kidogo, maana wengi tumezaliwa hapa hapa Zanzibar na skuli hatukuambiwa.

Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, alitandika reli Unguja kutoka mjini mpaka kwenye kasri lake la Chukwani. Mwanzo mabehewa yakivutwa na nyumbu, baadae ikaletwa injini ya moshi kutoka Uingereza. Yeye alipofariki, na reli yake ikafa. Hapo hata ile reli ya Mombasa ambayo dunia nzima inaijua ilikuwa haijaanza, maana ilianza kujengwa 1896.

Ya pili ndiyo iliyonikamata mie. Reli ya Bububu. Ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney, ikaanza kazi 1905. Ilikuwa maili 7, kama kilomita 11 hivi, kutoka penye Ngome Kongwe mjini, ikipenya kwenye njia nyembamba za mji na kuelekea kaskazini mpaka Bububu. Mwaka 1911 serikali ikainunua. Halafu barabara zikatengenezwa, motokaa zikaingia, abiria wakapungua, na katika miaka ya 1920 gari ikafa. Vyuma vikang'olewa. Leo ukipanda daladala ya Bububu unakwenda upande ule ule, lakini tafuta reli mpaka uchoke.

Mie ni Mpemba wa kuzaliwa, ila stashahada yangu ya uuguzi niliisomea Unguja, na wakati wa masomo nilikaa kwa shangazi yangu Bububu. Nyumba ya jirani kulikuwa na picha ya zamani ya posta imetiwa kwenye fremu: injini ndogo, bomba la moshi refu, watu wamesimama pembeni wamevaa kanzu. Kila nikienda kuomba chumvi naitazama. Siku moja nikauliza, na kuuliza kwenyewe kukaniingiza kwenye kundi dogo la watu wanaokusanya habari za reli hiyo. Kundi halina ofisi, halina bango. Kuna mwalimu mstaafu, kuna anayetembeza wageni, kuna kijana wa ramani, kuna Wazanzibari walioko nje, na kuna wageni wa nchi za mbali ambao wao reli yoyote duniani ni mapenzi yao. Hakuna anayelipwa. Vocha ya simu unajinunulia mwenyewe.

Nilipohamishiwa kazi nyumbani Pemba nilidhani mambo ya reli basi. Kumbe ndio yameanza.

Kazi yangu mie ni kusikiliza. Wenzangu wakimrekodi mzee, naletewa sauti, naiandika neno kwa neno. Neno la kizamani au la shamba ambalo mgeni hatolijua, nalieleza pembeni. Mtu akiuliza kitu, natafuta kwenye yale niliyokwisha kuandika. Wakati wangu ni saa moja baada ya watoto kulala, si kila siku. Zamu ya usiku ikinichosha, wiki nzima sigusi, na hakuna anayenigombeza.

Kwa nini nesi? Mtu wa wadi anajua. Kazi yetu nusu yake ni kuuliza na kuandika. Unamuuliza mgonjwa yameanza lini, yameanza vipi, halafu unaandika alivyosema yeye, usiandike ulivyodhani wewe. Mama akikwambia "mtoto kalia usiku kucha", unaandika kalia usiku kucha, huandiki "maumivu ya tumbo", maana tumbo hajalitaja. Wakati wa kupokezana zamu, lile lisiloandikwa ni kama halikutokea. Kumbe wanaotafuta historia nao wana sheria hiyo hiyo. Nilipoandika sauti yangu ya kwanza, mwalimu mstaafu alinipigia simu akaniuliza nimesomea wapi kazi hii. Nikamwambia wadi ya wanawake.

Sasa niwape mfano wa watu tunaowasaidia, mjue si mchezo wa watu wasio na kazi.

Kuna baba mmoja Uingereza, mtu mzima, anatengeneza mfano mdogo wa gari ya Bububu, wa kuweka juu ya meza. Kila kitu anakijua: upana wa reli, magurudumu, bomba. Alichokuwa hakijui ni watu. Akauliza: wanawake walikuwa wakikaa wapi? Mizigo yao wakiiweka wapi? Ramani hazisemi hayo. Suali lake lilikaa miezi bila ya jawabu, nitalirudia.

Kuna dada yuko Muscat, asili yake huku kwetu. Alileta picha ya babu yake amesimama mbele ya behewa, na kwao wamekua wakiambiwa babu alifanya kazi gari ya Bububu. Kijana wetu wa ramani akaikuza picha, akaona herufi kwenye behewa: U.R. Hiyo ni Reli ya Uganda, ile iliyotoka Mombasa. Tulishauriana tumwambie vipi, maana ni habari ya familia, si chuma. Akaambiwa polepole. Alinyamaza siku mbili. Halafu akaandika: "Basi ndio maana babu alikuwa akisema Kimvita." Nililia mie nisiyemjua babu huyo.

Na wao wanatusaidia pia. Huyo huyo wa Uingereza ndiye aliyenihadithia reli ya Talyllyn, huko Wales. Ilifunguliwa 1865 kwa ajili ya kubebea mawe ya kuezekea, na urefu wake ni maili 7 na kidogo, karibu sawasawa na yetu. Mwaka 1950 mwenyewe alifariki, na reli ilikuwa imechakaa, karibu ifungwe. Watu wakakusanyika, mwandishi Tom Rolt akiwa mbele yao, wakasema tutaiendesha wenyewe bila ya mshahara. Mwaka 1951 wakaanza, na ndiyo reli ya kwanza duniani kuokolewa na watu wa kujitolea. Mpaka leo inakwenda, watoto wanapanda.

Nilipoisikia hiyo nilikaa kimya. Maili 7 zao zina moshi mpaka leo. Maili 7 zetu ziling'olewa kabla wazee wetu wengi hawajazaliwa. Sisi hatuna injini ya kupaka rangi wala stesheni ya kufagia. Tuna picha chache, tuna karatasi kwenye nyaraka za serikali, na tuna maneno. Na maneno yamo midomoni mwa watu ambao kila msimu wa mvua tunawapunguza.

Hebu piga hesabu na mie. Mtoto aliyepanda gari ile akiwa na miaka mitano, leo angekuwa kapita mia moja. Kwa hivyo waliopanda tumeshawakosa. Waliobaki ni waliohadithiwa na mama zao. Na hao nao ndio wanaokuja wodini kwetu wameshikwa mkono.

Mmoja wao nilimpata kazini. Sitaandika jina, wala kijiji, wala alikuwa anaumwa nini. Ilikuwa usiku, hana usingizi, na mie nimemaliza kugawa dawa. Akaniuliza nilisomea wapi. Nikamwambia Unguja, nikikaa Bububu. Akanyanyua kichwa: "Bububu! Mama yangu kapanda gari ya moshi Bububu." Yeye mwenyewe alizaliwa Unguja, akaletwa Pemba na ndoa, hakurudi tena kukaa.

Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Sikuitoa. Naomba hapa mnielewe, hasa nyinyi wadogo zangu mnaosoma uuguzi. Mgonjwa kitandani hana uwezo wa kukukatalia. Umevaa sare, umeshika sindano yake, chakula chake na dawa yake viko mikononi mwako. Ukimwambia "bibi nikurekodi?", atasema ndio hata kama moyo wake hautaki. Ndio ya namna hiyo haihesabiki. Basi nilimsikiliza kama nesi, nikamfunika shuka, nikaenda zangu.

Alipopona akarudi kwake, nikasubiri. Baadae nikamtafuta binti yake, nikamweleza. Mjukuu mmoja wa kiume alikataa. Alisema hizi sauti mnakwenda kuziuza kwa wazungu. Sikumkasirikia, ana haki, wangapi wamekuja kupiga picha wazee wetu na hawajaonekana tena? Nikamwambia masharti: bibi akisema la, ni la. Akikubali, sauti ya kwanza inabaki kwenu, kwenye simu yenu. Jina halitoki. Na siku yoyote mkisema futeni, tunafuta. Akafikiri, akasema njoo.

Nilikwenda siku yangu ya mapumziko, nimevaa buibui langu, sare nimeiacha nyumbani, nimechukua sukari na mkate. Bibi alikuwa anasuka ukili. Alizungumza zaidi ya saa nzima na mikono haikusimama.

Alisema mama yake alikuwa mtoto mdogo, akichukuliwa na bibi yake kwenda mjini kuuza maembe na mikeka. Wanawake wenye mizigo wakikaa chini kwenye behewa, miguu wameikunja, vikapu wamevipakata, maana ukikiweka mbali kikapu chako maembe yanapungua njiani. Wakijifunika kanga mpaka usoni kwa sababu bomba lilikuwa likitema cheche. Kanga ya huyo bibi wa zamani ilipata tundu la moto, akalitia kiraka, na akikataa kuinunulia mwenzake. Kila akiulizwa alikuwa akisema: "Hii imesafiri."

Na vijana wanaume, alisema, walikuwa wakirukia na kushuka ikiwa inakwenda, kwa kuwa haikuwa na mbio hizo.

Mmeona? Suali la baba wa Uingereza limejibiwa Pemba, kisiwa kisicho na reli, na mtu ambaye gari yenyewe hakuiona. Nilipompelekea maandishi alijibu kwa mstari mmoja tu kwamba anaanza kuchonga wanawake waliokaa chini na vikapu. Sasa mfano wake una watu wetu ndani.

Bibi alisema na jambo jengine, kwamba Bububu imeitwa Bububu kwa mlio wa gari: bu, bu, bu. Wengi mmelisikia hilo, na watalii huambiwa kila siku. Lakini yule binti wa Sayyid Said, Bibi Salme, aliyekwenda kuishi Ujerumani akaitwa Emily Ruete, alichapisha kitabu cha maisha yake 1886, na Bububu imo ndani kwa jina hilo hilo. Gari ya Bububu ilikuja 1905. Jina limeitangulia gari.

Tufanye nini basi, tumkosoe bibi? Mmoja kundini alitaka tukiondoe kipande hicho. Mie nilikataa. Kaburi la ukweli ni kumfanya mzee aseme asichosema. Tumeyaacha maneno yake kama alivyoyatamka, na chini tumeandika tarehe ya kitabu. Msomaji ana akili zake. Na kule kusema bu, bu, bu kwenyewe ni habari: mama yake alimwigizia mlio ule alipokuwa mdogo, na yeye akauigiza mbele yangu akiwa na meno mawili. Mlio wa injini iliyovunjwa miaka na miaka umepita midomo miwili ukanifikia mie. Wapi utaupata kwenye karatasi?

Ugomvi mwengine ulikuwa mkubwa zaidi. Watu wawili wa kundi, tena watu wema, walitaka picha ya bibi na jina lake kamili, wakasema bila ya jina ushahidi hauna nguvu. Nikasema familia haikutoa hayo, hayatoki. Tukavutana siku kadhaa. Mmoja akaniambia mie ni nesi tu, sijui taratibu za historia. Nikamjibu kwa adabu kwamba taratibu za siri ya mtu nazijua, ndio kazi yangu. Mwalimu mstaafu akasimama upande wangu, tukakubaliana: jina limeandikwa kwenye karatasi moja, iko kwa binti wa bibi, wao ndio watakaoamua.

Bibi amefariki. Allah amrehemu.

Baada ya hitma yule mjukuu aliyekataa mwanzo ndiye aliyenipigia simu. Simu yao iliharibika, sauti imepotea, je, mie ninayo? Ninayo. Nilimpelekea usiku ule ule. Aliniambia waliisikiliza wote ukumbini, na watoto wadogo walicheka kwenye bu, bu, bu, na wakubwa wakatazama chini. Dada yake alikuwa mja mzito wa miezi saba. Akasema nimtumie na yeye yake peke yake, asije mwanawe akazaliwa asimjue bibi.

Hiyo ndio jawabu ya shoga yangu. Nilikuwa natafuta habari ya gari, na ile familia ikabaki na sauti ya mtu wao. Hawakuwa na nyengine. Picha wanazo, video ya harusi ipo, bibi anaonekana amekaa pembeni, hasemi kitu. Saa nzima ya yeye anazungumza ilikuwepo kwa sababu ya reli iliyokufa kabla hajazaliwa.

Sasa kazi yenu. Huna haja ya kundi wala reli. Kila nyumba ina kitu chake kilichokufa: jahazi la babu, mnazi uliokuwa ukipandwa na wanaume watatu tu kijijini, kambi ya kuchuma karafuu, duka la Muhindi lililofungwa. Chagua kimoja.

Omba ruhusa kwanza, na uombe wakati mzee ana afya na ana utulivu, si anapoumwa. Akisema la, mbusu mkono, endelea na mambo mengine.

Uliza kitu kidogo. Usimwambie "nihadithie maisha yako", atakujibu "maisha gani mwanangu, tumekula tumelala". Muulize: "Mlikuwa mkikaa wapi? Mlikuwa mkivaa nini? Nani alikuwa akibeba?" Mikono yake ikiwa na kazi, mwache aendelee nayo, maneno yanakuja vizuri mikono ikisuka au ikichambua mchele.

Nyamaza. Hili ndio gumu kwetu sote. Akinyamaza na wewe nyamaza, anatafuta.

Usimsahihishe. Tarehe utaitafuta mwenyewe baadae.

Waweke watoto karibu. Wangu wa miaka saba hukaa chini ya meza anajifanya anacheza, jioni nakuta anamhadithia mdogo wake. Wakiwaona hivi, wanajua bibi si mtu wa kupewa uji na kuulizwa dawa kameza au bado.

Na ile sauti iweke mahali pawili, simu mbili, watu wawili. Simu zinaanguka kwenye ndoo ya maji, mnajua wenyewe.

Kama una dakika ishirini leo jioni, baada ya magharibi, kabla ya kuwasha tivii, zinatosha kuanza. Wiki ijayo inshallah narudi kwenye mambo yetu: mtoto anayekataa chakula, na nini cha kutazama kwenye kadi ya kliniki. Mnipe na majibu ya wazee wenu, nami nitayasoma yote, hata kama itanibidi nivae hedifoni wakati wa mapumziko na shoga yangu anicheke tena.